Elektroni juu ya wimbi: je, "kuongeza kasi" kunatosha?

Wanafunzi wa tafsiri wanapokutana na matini kuhusu mashine za kurusha elektroni hukimbilia usemi "kuongeza kasi". Je, usemi huo unasema kweli? Kabla ya kujibu, hatuna budi kuelewa kinachotendeka.

Mashine za kawaida hutumia mawimbi ya redio ndani ya mabomba ya chuma. Umeme ukizidi kiasi chuma hupiga cheche, ndiyo maana mashine huwa ndefu. Ile ya Stanford, Marekani, ilijengwa kwa urefu wa kilomita 3 hivi. Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson walipendekeza njia nyingine: kutumia plazima, yaani gesi ambayo atomi zake zimekwisha kunyang'anywa elektroni, hivyo haina cha kuharibika tena. Mpwito mfupi wa leza ukipita humo husukuma elektroni kando, ioni nzito zikibaki mahali pake. Elektroni huvutwa kurudi, hupitiliza, huvutwa tena. Basi nyuma ya leza hufuata wimbi, mithili ya lile linaloachwa na mashua ziwani, na elektroni iliyodakwa nalo hubebwa mbele.

Leza zenye nguvu ya kutosha zilitokana na mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwaka 2006 watafiti wa Berkeley walifikia elektronivolti bilioni 1 katika sentimita 3.3 tu! Mwaka huohuo wenzao wa Ufaransa waligonganisha mipwito miwili ya leza, wakaweza kuchagua mahali elektroni zinapodakwa, na kwa njia hiyo nishati ya mwale wote.

Sasa turudi kwenye neno letu. Elektroni yenye elektronivolti milioni 50 tayari inakaribia mwendo wa nuru. Ikifikishwa bilioni 1, nishati yake imekuwa mara 20, lakini kasi haikuongezeka hata kwa sehemu moja ya elfu kumi. Kwa hiyo tunapendekeza "kutia nishati", na "mchapuko" ubakie kwa gari na jiwe linaloanguka. Wanafizikia huenda wakatupinga, maana istilahi yao imezoeleka. Hata hivyo, mwanafunzi akiandika "elektroni ziliongezewa kasi mara 20", sarufi yake ni safi na habari yake ni uongo, nasi walimu wa lugha huenda tukampa alama zote.