Fahamu: Kwa nini vimbunga huikwepa pwani yetu, ila si siku zote

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, wengi waliulizana: kumbe hata huku vinafika?

Chanzo ni joto la bahari. Maji yakifika nyuzijoto 26 au 27 hivi, hewa yenye unyevu hupanda, na huku chini mgandamizo hushuka. Hewa ya pembeni hukimbilia kuziba pengo. Huo ndio upepo. Mvuke ukigeuka mawingu huachia joto, hewa inazidi kupanda, mgandamizo unazidi kushuka. Moto unajipepea wenyewe.

Lakini upepo mtupu haufanyi kimbunga, sharti uzunguke. Mzunguko wa dunia ndio unaoupindisha, na kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Jirani na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, ndiyo maana Mombasa hulala usingizi ambao Beira, kusini zaidi huko Msumbiji, haiupati.

Unguja nayo iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Hata hivyo, Aprili 1872 kimbunga kiliifyeka mikarafuu yake, huku Pemba, ng'ambo tu ya mkondo, ikinusurika kwa sehemu kubwa.

Hidaya chenyewe kilidhoofika kilipofika nchi kavu. Kimeacha maji ya vuguvugu, kuni zimekwisha.