Mvinyo wa Italia: subira ni sheria, si hiari

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Nchini Italia jambo hilo limeandikwa katika sheria. Mkulima wa Barolo huvuna zabibu, akazikamua na kujaza mapipa, lakini haruhusiwi kuuza hata chupa moja mpaka miezi 38 ipite, ikihesabiwa kuanzia Novemba mosi ya mwaka wa mavuno. Kati ya miezi hiyo, 18 lazima mvinyo uwe ndani ya pipa la mbao.

Je, kwa nini mtu azuiwe kuuza jasho lake?

Sababu ya kwanza imo katika zabibu zenyewe. Barolo hutoka Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, na hutengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo peke yake. Maganda na mbegu za Nebbiolo zina tanini nyingi, kitu kile kile kinachokukausha ulimi unapokunywa chai ya mkandaa iliyochemka kupita kiasi. Mvinyo huo ukiwa bado mchanga ni mkali ajabu. Ukitulia pipani, hewa kidogo hupenya kwenye mbao na ukali hupungua polepole.

Kila eneo lina zabibu zake na kipimo chake. Barbaresco, jirani wa Barolo, hutumia Nebbiolo vilevile, lakini hungojea miezi 26. Huko Toscana, katikati ya nchi, inayotawala ni Sangiovese. Chianti Classico, wenye nembo ya jogoo mweusi, lazima uwe na Sangiovese asilimia 80 au zaidi, na hukaa miezi 12. Brunello di Montalcino ni Sangiovese tupu. Huo hauingii sokoni hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Uliovunwa 2020 uliruhusiwa Januari 2025. Kusini, katika eneo la Campania, Taurasi wa zabibu za Aglianico hungojea miaka mitatu. Nawe ukiona neno Riserva kwenye chupa, fahamu kwamba muda uliongezwa. Barolo Riserva, mathalan, hukaa miezi 62.

Sababu ya pili ni tamaa ya binadamu. Italia ilikuwa na sheria ya majina ya mvinyo tangu 1963, na mwaka wa 1980 Barolo, Barbaresco na Brunello zikapewa daraja la juu kabisa, DOCG. Hata hivyo, mapema mwaka wa 1986 walaghai walitia methanoli katika mvinyo wa bei rahisi ili kuuongezea nguvu. Watu zaidi ya 20 walikufa na wengine wakapofuka. Wakenya wanaijua sumu hiyo. Ndiyo iliyowaua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi mwaka wa 2000, waliokunywa pombe haramu.

Aibu hiyo iliwaunguza hata wakulima waaminifu, kwa maana wanunuzi wa nchi za nje walikimbia mvinyo wowote wenye jina la Italia. Mwaka wa 1992 sheria iliandikwa upya na kukazwa. Mwaka wa 2008 vumbi lilitimka tena, pale baadhi ya watengenezaji wa Brunello waliposhukiwa kuchanganya zabibu nyingine. Safari hii hakufa mtu, lakini jina lilikuwa hatarini. Oktoba mwaka huo wenyewe walipiga kura na kuamua kwamba Brunello utabaki Sangiovese tupu.

Kwa hivyo ukiitazama chupa hizo dukani, usihadaike na picha ya kasri au maandishi ya dhahabu. Tazama shingo yake. Mvinyo wa DOCG hubandikwa utepe wa serikali wenye nambari, na kabla ya kupewa huonjwa na jopo la wataalamu. Kisha soma mwaka wa mavuno, uhesabu mwenyewe. Barolo ulioletwa kwako kabla ya miaka mitatu kutimia si Barolo, hata muuzaji aape vipi.

Si lazima unywe ndipo ujifunze hapa. Jina jema la bidhaa hujengwa kwa miaka, na mlaghai mmoja anaweza kulibomoa kwa siku moja, wakalipa hata wasiokosa.