Video ya simu huharibikia njiani: Namna ya kuinasa, kuihamisha na kuihariri

MNAMO Machi 30, 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina Mohawk aliuawa kwa kupigwa risasi karibu na Isinya, Kaunti ya Kajiado, baada ya kutoka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Alikuwa amemjeruhi mtu mmoja, na umati ulikuwa umefurika mahali hapo. Punde si punde picha na video za mkasa huo zilienea kote duniani, watu wengi wakihoji ni kwa nini maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hawakumdunga mnyama huyo dawa ya usingizi.

Tukio hilo lilidhihirisha uzito wa video inayonaswa kwa simu. Upande wa kusini wa mbuga hiyo haujazungushiwa ua kamili, na tangu jadi wanyama wamekuwa wakivuka kuingia nyanda za Kitengela, ambako sasa wanakabiliana na nyua, maboma na nyumba za kupangisha. Mfugaji anayeamka na kupata kondoo wake wameraruliwa ana haki ya kudai fidia chini ya Kifungu cha 25 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013. Dai lake huchunguzwa na kamati ya kaunti kabla ya uamuzi kutolewa, na video safi ya mizoga, nyayo na ua uliovunjwa humsaidia kueleza yaliyotokea.

Lakini mara nyingi video hiyo humfikia afisa ikiwa imefifia, haina tarehe, na imekatwa mwanzo na mwisho. Kasoro hizo kwa kawaida hazitokani na kamera. Hutokana na namna video ilivyonaswa, ilivyohamishwa na ilivyohaririwa.

Hatua ya kwanza ni kunasa. Kioo cha kamera kinafaa kupanguswa kwanza, kwani vumbi la Kajiado hutanda juu yake kama ukungu. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni ili mtu akipiga, kazi isikatizwe. Anayerekodi alipe jua kisogo, la sivyo anachokilenga kitaonekana kama kivuli. Katika simu nyingi, kubonyeza skrini kwa muda mahali panapolengwa huzuia mwanga na ulengaji kubadilika ovyo.

Aidha, ni heri kusogea karibu kuliko kuvuta picha kwa vidole, kwa sababu uvutaji huo mara nyingi hukuza tu kilichopo na kupunguza uangavu. Kanuni hii haihusu simba wala nyati: hakuna video inayolingana na uhai wa mtu. Upepo wa nyanda hizo nao humeza sauti, hivyo msemaji ageuzwe ili mgongo wake ukinge upepo, au kipaza sauti kidogo kibandikwe kifuani pake. Kwa tukio la ushahidi, arekodi mfululizo bila kukata, akianza na mandhari pana yenye alama inayotambulika, kisha asogee taratibu hadi kwenye kitu chenyewe.

Hatua ya pili ni kuhamisha, na hapa ndipo video nyingi huangamia. Kwa mujibu wa Apple, dakika moja ya video ya 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde katika iPhone huchukua takriban MB 130 kwa mfumo wa H.264, au MB 60 kwa mfumo mpya zaidi wa HEVC. Hivyo, dakika 10 zinaweza kufika GB 1.3. Video inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu hiyo huibana ili ipite upesi na isimalize bando. Kubana huko hutupa sehemu ya picha ambayo haiwezi kurejeshwa, na maelezo kama vile mahali iliponaswa hupotea.

Suluhu si kuiacha WhatsApp, bali kuituma video hiyo kama hati badala ya kuichagua kutoka kwenye orodha ya picha. Tangu 2022, hati yenye ukubwa wa hadi GB 2 inaweza kutumwa, nayo hufika jinsi ilivyo. Palipo na kompyuta, kebo ya USB ni njia ya uhakika isiyotumia bando hata kidogo. Simu zilizo karibu zinaweza kupeana faili kwa Quick Share katika Android au AirDrop katika iPhone. Bluetooth nayo hufanya kazi, ila mwendo wake ni wa kobe.

Hatua ya tatu ni kuhariri. Programu kama vile CapCut, InShot na KineMaster huwezesha mtu kukata, kupanga vipande, kurekebisha sauti na kuongeza maandishi akiwa na simu pekee. Mpiga picha wa harusi mjini Kitengela anaweza kukamilisha kazi ndogo kwa njia hiyo. La muhimu ni kuhariri nakala, wala si faili asilia. Simu inapouliza kama ihifadhi mabadiliko au itengeneze nakala mpya, jibu liwe nakala mpya. Wakati wa kutoa kazi iliyokamilika, ukubwa ulingane na ule wa kunasia, kwa maana kuikuza video ya 720p hadi 4K huongeza uzito wa faili tu.

Umuhimu wa faili asilia hujitokeza zaidi mahakamani. Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoongezwa mwaka wa 2014, kinakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hupima jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyowasilishwa. Kifungu cha 106B nacho kinaeleza kuhusu cheti cha kuthibitisha namna rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Mwenye video iliyopitia makundi matano ya mtandaoni atapata taabu kujibu maswali hayo.

Basi anayenasa jambo zito anashauriwa kuihifadhi video asilia katika simu yenyewe, kuweka nakala nyingine kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu siku hiyo hiyo, na kuandika pembeni tarehe, saa na mahali. Baada ya hapo anaweza kuikata nakala atakavyo na kuisambaza. Mizoga itazikwa na nyayo zitafutwa na mvua, na faili hiyo huenda ndiyo itakayosalia kumtetea mwenyewe.