Kiungo cha Waya Kisiingie Maji

Ukipanda Upper Hill pale Nairobi utaona maghorofa. Lile la Britam, lililomalizika 2017, lina urefu wa mita 200. Msichoona ni nyaya nene za stima zilizofukiwa ardhini. Waya hauwi mrefu wa kutosha, lazima uungwe, na hapo kwenye kiungo ndipo maji hutafuta mlango.

Sisi wa vikundi vya maji tuna shida ile ile kisimani. Tepu peke yake ikikaa majini huachia. Stima inavuja, pampu inaungua, na anayegusa bomba anaweza kufa.

Dawa yake ni kijibomba cha plastiki kinachonywea. Kiwandani hupigwa mionzi, hupashwa moto, hutanuliwa, kisha hupozwa. Kikipata moto tena hurudia wembamba wake wa kwanza na kubana waya. Cha kisimani kiwe na gundi ndani. Gundi huyeyuka na kuziba. Kisicho na gundi ni cha mahali pakavu tu, hata muuzaji akiapa.

Fundi azime stima kwanza. Kijibomba kivalishwe kabla ya kuunga (wengi husahau, halafu wanakata upya!). Kila waya upate chake, kisha kimoja kikubwa juu ya zote. Apashe kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, mpaka gundi ichungulie pande zote. Kiberiti huunguza upande mmoja.

Kabla pampu haijashushwa, mwambieni awaonyeshe kiungo.