Ona Nasi Tuone: Kumsahihisha Mtunzi Angali Hai (sehemu ya tatu)

Juma hili nilikusudia kuwamalizia habari za Kamati ya Lugha, kisha tuiage mada. Lakini watunzi wameitwa tena kushindania Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na wito huo umeniletea mgeni hapa Kagondo.

Ni binti wa jirani. Alikuja jioni na hadithi yake ndani ya bahasha ya kaki, kurasa 38 zilizochapwa vizuri. Alikuwa amekwisha kuirusha kipande kipande kwenye kundi la watunzi wenzake katika simu, akanionyesha majibu yao: "Moto!", "Hatari sana", "Hongera dada, unaweza", na chini yake vidole gumba na mioyo myekundu. Swali halikuwamo hata moja. Nikamkaribisha akamwani, kahawa zetu za kutafuna, nikavaa miwani, nikasoma. Ukurasa wa tatu mume anazikwa. Ukurasa wa kumi na moja mume huyo huyo anapeleka magunia ya kahawa chama cha msingi. Na kahawa yenyewe imeanikwa uwanjani mwezi wa Novemba, majuma mawili ya jua lisilokatika! Huyu ni mtoto wa Muleba, ajuaye kwamba Novemba ukitandika mkeka asubuhi, mchana utakimbia nao ndani.

"Wenzako hawakuona?" nikamwuliza.

"Waitu, mwalimu, waliona. Waliona haya kuniambia."

Haya hiyo ndiyo ninayoipiga vita tangu sehemu ya kwanza. Mtakumbuka tulivyoanza na ngano zetu za Kihaya: msimulizi hutangaza kwamba alikwenda akaona, na waliomzunguka humjibu aone, nao wapate kuona. Peter Seitel, Mmarekani aliyezikusanya ngano hizo, aliyachukua maneno hayo yakawa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Wengi huyadhania kuwa pambo la kufungulia hadithi. Mimi nayaona kuwa masharti. Msimulizi amekubali kuwa macho ya watu wote waliokaa pale, na wao wamekubali kutonyamaza. Mpiga nanga, ala yetu ya nyuzi, naye, akiimba habari za mashujaa Rukiza au Kachwenyanja ambazo Profesa Mulokozi alizichambua katika tasnifu yake ya 1986, hakuwa na karatasi ya kujifichia. Alikaa na kipande chake cha mti kilichochongwa kama kihori, na mbele yake wazee wanaoujua utendi ule tangu utoto wao.

Kisha tukaja kwenye Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Hiyo haikuona haya hata kidogo. Iliusoma mswada wa kitabu cha shule, ikaurekebisha, na usipoafiki Kiswahili kilichosanifiwa juu ya Kiunguja haukupewa ithibati. Faida yake tunaila hadi leo. Ila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Msahihishaji aliyeketi ofisini na sheria mkononi aliiona sheria kwanza, mtu aliyeandika akaja baadaye.

Kati ya haya ya kundi la simu na kalamu ya Kamati ipo njia ya tatu, na kila nikiitafuta najikuta kwa mtu mmoja. Wanaonijua watacheka, maana wamenisikia nikimtaja hadi misibani: Aniceti Kitereza.

Ndiyo, ni Mkerewe. Lakini tusisahau kwamba alisomeshwa hapa kwetu. Alizaliwa mwaka 1896, na akiwa kijana alivushwa ziwa kuja seminari ya Rubya ya Mapadre Weupe, katika wilaya yetu hii hii ya Muleba, akakaa miaka kumi akijifunza Kilatini na lugha nyingine. Aliyewahi kusoma Kilatini anajua kwamba huko mtu husahihishwa kila siku, mbele ya wenzake, wala hafi. Upadre hakuupata. Alirudi Ukerewe, akaoa, na watoto ambao yeye na mkewe waliwapata hawakuishi.

Mtu huyo ndiye aliyekaa akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaopendana huku ukoo ukiwasimanga kwa kukosa mtoto. Humo mtakuta namna ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kuposa na kuzika. Alimaliza mwaka 1945. Padre Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo na kuushughulikia mswada kwa kuuanzia tafsiri ya Kifaransa, lakini alifariki kitabu hakijatoka. Huyo alikuwa msomaji wa kwanza wa maana, aliyeisoma kazi kwa kutaka itoke.

Jibu la pili lilikuwa gumu. Aliambiwa kwamba lugha yenye wasemaji wachache haina soko. Jamani, hebu pimeni neno hilo! Mtu ameandika mamia ya kurasa kwa lugha ya mama yake, anaambiwa lugha yenyewe ndiyo kosa. Mimi ningeutia mswada motoni. Kitereza, mzee mwenye maradhi ya viungo, alichukua kalamu akakitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili mwenyewe, huku watafiti Wamarekani, Bwana na Bibi Hartwig, wakimhimiza mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakulikubali neno lile kuwa hukumu ya kazi yake. Alichota ndani yake lile moja lililoweza kumfikisha kwa wasomaji, na Kikerewe chake hakukitupa. Ndiyo maana Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe, aliweza kukitafsiri kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe, tafsiri iliyotoka mwaka 2002.

Tanzania Publishing House ilikitoa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 tangu alipoweka nukta ya mwisho. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Hapo ndipo ninapokasirika kila mara. Wasifu wa Kitereza tumeuandika vizuri sana sisi wasomi, baada ya kumzika. Sifa za marehemu hazina gharama. Ndugu zangu, mtunzi tumsome angali na meno ya kutafunia akamwani, na tumwambie kweli angali na nguvu za kurudia kuandika.

Naona nafasi imekwisha, na vijana wanangojea maelekezo ya kusahihishana niliyowaahidi. Basi kwa ufupi. Anayesahihisha aseme mahali: ukurasa gani, mstari gani, na alipokuwa akisoma alijikwaa wapi. "Sijaipenda" si msaada, na "moto" vilevile. Aulize kabla ya kuamuru, asije akaigeuza hadithi ya mwenzake kuwa yake. Anayesahihishwa anyamaze kwanza, aandike anachoambiwa, alale nacho, kisha achague. Wasomaji watatu wakijikwaa mahali pamoja, hapo pana kisiki, hata kama kila mmoja anakitaja kwa jina lake. Na asiogope kuonyesha kazi ikiwa bado mbichi, kwa kuwa mficha uchi hazai, na hili Bugonoka angelielewa kuliko sisi.

Binti aliondoka siku ile bila kuniaga sawasawa, akamwani zimebaki mezani. Siku ya kumi na moja alirudi. Mume sasa anakufa ukurasa wa thelathini, na kahawa inaanikwa Julai. Nikamsifu, nami kwa furaha nikampa makala hii aisome kabla sijaipeleka kwa mhariri. Akaisoma kimya, akiwa na kalamu yangu mkononi.

"Shikamoo tena, mwalimu," akasema. "Usinikasirikie. Ulisema utawaeleza vijana namna ya kusahihishana. Mbona aya saba ni za Kitereza?"

Nilijiandaa kumweleza umuhimu wa historia. Kisha nikakumbuka kwamba anayesahihishwa hunyamaza kwanza. Nikalala na neno lake usiku mzima, na asubuhi nikafuta aya tatu. Nne zilizobaki ndizo mlizosoma.