Ubingwa au Mtoto? Swali Wanaloulizwa Wanawake Peke Yao

Makutupora, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, hujulikana kwa zabibu zake na kwa visima vinavyolipatia jiji maji. Nilikwenda huko kutoa huduma za mkoba. Tulipomaliza kuwapima wajawazito, daktari kijana aliyekuwa akinisaidia aliniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, nitangulize ubingwa au mtoto?"

Swali lake lina hesabu ndani yake. Udaktari ni miaka mitano, mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja, ubingwa mitatu au zaidi. Aliyeingia chuoni akiwa na miaka 20 atamaliza akiwa na 29 endapo hatapumzika. Akisubiri ajira na ufadhili, atavuka 30. Uwezo wa kushika mimba nao hupungua taratibu baada ya miaka 30, na kwa kasi zaidi baada ya 35. Miaka ya kusoma na miaka ya kuzaa ni ileile.

Mgongano huo umeletwa na maumbile, lakini adhabu yake tumeitunga sisi. Niliposailiwa kwa ajili ya masomo ya ubingwa, niliulizwa kama mume wangu ameridhia na nani atabaki na mtoto. Mwenzangu wa kiume, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, aliulizwa habari za utafiti wake tu.

Hata sheria yetu inabeba dhana hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba aliwekewa kiwango cha chini cha siku tatu. Wakati huohuo, sisi wataalamu tunasisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, yaani takriban siku 180. Mama anarudi kazini safari ikiwa haijafika hata nusu.

Sheria inamruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku katika muda wa kazi. Lakini saa hizo zina faida gani kwa muuguzi wa Makutupora ikiwa mwanawe yuko mjini? Kinachohitajika si kikubwa: chumba safi chenye faragha, na jokofu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa nne katika joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne katika jokofu. Kwa joto la Dodoma, jokofu si anasa.

Mwaka 1987 Profesa Esther Mwaikambo na wenzake walianzisha Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA. Wanawake wameshathibitisha kwamba wanaweza; kilichobaki ni taasisi kuacha kuwatoza faini kwa kuzaa.

Nilimjibu kijana yule: "Mdogo wangu, usiuahirishe uzazi kwa kuogopa jopo la usaili, wala usiuache ubingwa kwa kuogopa maneno ya watu. Panga na mwenzio, naye aulizwe kama wewe unavyoulizwa: mtoto atabaki na nani?"

Ndugu msomaji, ukiwa mwajiri, mkufunzi au mume, swali hilo sasa ni lako.