Kuyasoma Matamko ya Lugha ya C kwa Jicho la Kompaila

Mtu akikabidhiwa programu ya mistari elfu hamsini iliyoandikwa kwa lugha ya C, akaambiwa aorodheshe fanksheni zote zilizomo, wazo la kwanza litakalomjia ni kuyapekua maandishi: atafute kila jina linalofuatwa na mabano. Fanksheni, kwa msomaji asiye mwanafani, ni fungu la maagizo lililopewa jina ili liitwe kila linapohitajika. Tamko lake ndilo linaloeleza jina hilo, aina za vigezo inavyopokea, na aina ya jibu inalorudisha. Kazi yaonekana nyepesi. Lakini sivyo ilivyo.

Hebu tutazame maandishi haya mafupi:

a (b);

Ikiwa a ni jina la fanksheni, basi hapa inaitwa na kupewa b. Lakini ikiwa hapo juu a ilikwisha kufanywa jina la aina ya data, maandishi yaleyale yanatangaza kitu kipya kiitwacho b. Hakuna hata nukta moja iliyobadilika. Lugha hii, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yamtaka msomaji akumbuke yaliyotangulia, na chombo cha kupekua maandishi hakikumbuki kitu.

Kuna tatizo zito zaidi. Kabla C haijafasiriwa, hupita katika hatua ya matayarisho ambamo vifupisho viitwavyo makro hukunjuliwa. Katika kiini cha Linux, fanksheni zinazopokea maombi ya programu huandikwa kwa makro ya namna hiyo, na jina lake kamili huundwa wakati wa kukunjua. Mwenye kulitafuta jina hilo pale fanksheni ilipoandikwa hatalikuta.

Kwa hiyo hapana budi kumwuliza yule anayeielewa programu, naye ni kompaila. Kwa miaka mingi kompaila zilikuwa kama sanduku lililofungwa: programu huingia upande huu, maagizo ya mashine hutokea upande wa pili. Clang, ambayo kampuni ya Apple iliitoa hadharani mwaka 2007, iliundwa tangu awali kama mkusanyo wa maktaba za programu, nasi twaweza kuzitumia sehemu zake tuzitakazo. Maktaba yake iitwayo libclang hupewa faili, huisoma, kisha hurudisha mti wa sintaksia. Mtafiti huutembelea mti huo tawi kwa tawi, na kila afikapo penye tamko la fanksheni huuliza jina, vigezo, aina ya jibu, na mahali lilipoandikwa. Swali hili la mwisho lisisahauliwe, kwani mstari mmoja tu wa kuingiza faili la vichwa la mfumo waweza kuleta mamia ya matamko yasiyo ya mwandishi.

Hapa ndipo penye mtego. Libclang isipoelezwa mahali faili za vichwa zilipo, haikatai kazi. Huandika malalamiko yake pembeni, na aina isiyoijua huihesabu kuwa namba kamili ya kawaida, kisha ikaendelea. Orodha hutoka safi, tena ya uongo. Tuseme fanksheni hurudisha kielekezi cha biti 64, nasi tumeitangaza kuwa yarudisha namba ya biti 32: nusu ya anwani hupotea. Wala kiunganishi hakitatuokoa, maana katika C hulinganisha majina tu, si aina. Programu itaunganishwa vizuri, kisha ianguke siku nyingine, mahali pengine kabisa. Kwa maoni yangu, orodha yoyote iliyotolewa bila kwanza kuyasoma malalamiko hayo haifai kutumiwa.

Aidha, mti ule ni wa mashine moja na masharti mamoja tu. Sehemu iliyoachwa nje na sharti la matayarisho haimo mtini kabisa. Mwenye kutaka matamko ya Linux na ya Windows pamoja ataisoma programu mara mbili, kila mara kwa masharti yake, kisha azilinganishe orodha hizo mbili.